Chambo cha Harufu: Namna Feromoni Zinavyowavuta Mbawakawa wa Magome Mitegoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna feromoni zinavyowavuta mbawakawa wa magome ya miti hadi kwenye mitego iliyotiwa chambo. Mfano mkuu ni mbawakawa wa magome ya msprusi wa Ulaya, Ips typographus, ingawa mifano ya Amerika ya Kaskazini na ya Kenya imetumiwa pale inapohitajika. Hoja ya makala ni kwamba mtego haufaulu kwa ukali wa harufu bali kwa usahihi wa ujumbe: viambajengo vyake, viwango vyake, sura ya molekuli zake, mahali pake na wakati wake. Makala yanahitimisha kwamba wingi wa wadudu walionaswa si ushahidi wa kutosha kuwa msitu umeokolewa. Aidha, yanapendekeza istilahi chache za kulijadili suala hili kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtego bila chambo haunasi. Aliyeitunga methali hii huenda alikuwa akimfikiria panya na kipande cha dagaa, au samaki na mnyoo. Katika misitu ya misonobari na misprusi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hata hivyo, umo mtego ambao chambo chake hakiliwi wala hakionekani. Ni kifuko kidogo chenye kemikali inayovukiza taratibu. Mdudu anayekifuata hana njaa ya kilichomo. Anakifuata kwa sababu ameambiwa jambo, naye ameamini.

Msomaji anaweza kuuliza: suala la wadudu na miti linahusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Majibu ni mawili. Kwanza, feromoni ni mfumo wa mawasiliano. Una mtoaji, ujumbe, njia ya kupitishia ujumbe na mpokeaji, na yeyote aliyesoma isimu ana zana za kuutazama. Pili, husikika mara kwa mara dai kwamba Kiswahili kinaweza kusimulia ngano na kutunga mashairi lakini kikifika mlangoni mwa maabara hukwama. Dai la namna hiyo halijibiwi kwa hamaki. Linajibiwa kwa kuyaandika yanayodaiwa kwamba hayaandikiki, kisha msomaji akaamua mwenyewe.

Makala yatafafanua kwanza dhana ya feromoni, kisha yaeleze maisha ya mbawakawa wa magome na sababu ya kuitana. Baadaye yatachambua muundo wa mwito wenyewe, namna mtego unavyouiga, na yale tunayojifunza kutokana na mradi mkubwa wa utegaji uliofanywa nchini Norway. Mwisho yatagusia swali ambalo mwanaisimu hawezi kulikwepa: je, mwito huu ni lugha?

2.0 Dhana ya feromoni

Istilahi hii ilipendekezwa mwaka 1959 na wanasayansi Peter Karlson na Martin Lüscher, walioiunda kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba na kusisimua. Mwaka huohuo, Adolf Butenandt wa Ujerumani na wenzake walitangaza kwamba wameitambua feromoni ya nondo wa hariri, waliyoiita bombikoli. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka ishirini na ilihitaji tezi za nondo majike wapatao 500,000, kwani kiasi kinachopatikana katika mdudu mmoja ni kidogo mno.

Feromoni ni kemikali ambayo kiumbe huitoa nje ya mwili wake, nayo inapopokelewa na kiumbe mwingine wa spishi ileile, humfanya abadili mwenendo au hali ya mwili. Hapa ndipo inapotofautiana na homoni. Homoni hutumwa na kiungo kimoja kwenda kingine ndani ya mwili mmoja. Feromoni hutumwa na mwili mmoja kwenda mwingine.

Ipo tofauti nyingine ambayo ni muhimu kwa mjadala wetu. Si kila harufu inayomvuta mdudu ni feromoni. Huko Nguruman, katika Kaunti ya Kajiado, watafiti wa kituo cha kimataifa cha ICIPE walibuni katika miaka ya 1980 mitego ya mbung'o iliyotiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mbung'o hawakuwa wakiitwa na mbung'o wenzao. Walikuwa wakifuata harufu ya mnyama wa kumfyonza damu. Vivyo hivyo, mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, Hypothenemus hampei, ambaye ni wa ukoo uleule wa mbawakawa wa magome na asili yake ni Afrika, hutegwa kwa mchanganyiko wa methanoli na ethanoli. Katika mifano hii miwili mtego unaiga chakula. Mtego tunaoujadili hapa unaiga kauli ya mdudu mwenzake.

3.0 Mbawakawa na mti: kwa nini waitane?

Ips typographus ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia nzito, mwenye urefu wa kati ya milimita 4 na 5.5. Majira ya baridi humpata chini ya gome au katika takataka za sakafu ya msitu. Halijoto inapofika takriban nyuzi 18 za Selsiasi katika majira ya kuchipua, hutoka na kuruka kutafuta mti. Dume ndiye anayetangulia. Hutoboa gome, akachimba chumba kidogo, kisha akaanza kuita. Majike wanaoitikia, kwa kawaida kati ya mmoja na wanne kwa dume mmoja, huingia chumbani, hujamiiana naye, kisha kila mmoja huchimba njia yake kufuata urefu wa shina na kutaga mayai kandokando. Mabuu yanapoanguliwa hula tabaka laini lililo chini ya gome, ambalo ndilo husafirisha sukari kutoka majanini kwenda mizizini. Aidha, mbawakawa huja na kuvu inayopenya mtini na kuupa ubao rangi ya buluu. Mti ulioshambuliwa vya kutosha haupati nafuu.

Hata hivyo, mti si windo bubu. Msprusi wenye afya hujibu kila tundu kwa utomvu mzito unaomsukuma mdudu nje, ukamgandisha au kumzamisha. Mbawakawa mmoja hana uwezo wa kushindana na mti wa namna hiyo. Hata kumi huenda wasifue dafu. Wakija mamia kwa mamia katika siku chache, akiba ya utomvu huisha na ulinzi huvunjika. Kumbe basi mwito wa dume hauhusu kujamiiana peke yake. Ni mwito wa vita pia, na kwa sababu hiyo huitikiwa na madume na majike kwa pamoja. Wataalamu huuita mwito wa mkusanyiko.

Hapo panazuka kitendawili. Dume anapowaita wenzake huwa anawaita pia washindani wa chakula na majike. Asipowaita, mti utamuua. Wakija wachache mno, watashindwa wote. Wakija wengi mno, mabuu yatakufa njaa. Mwito wa mbawakawa hauna budi kusema "njooni" na baadaye "inatosha". Mtego unaoijua nusu ya kwanza tu ya mazungumzo haya umeielewa nusu tu ya habari.

4.0 Muundo wa mwito

4.1 Silaha ya mti kugeuzwa tarumbeta

Utomvu wa misonobari na misprusi una kemikali iitwayo alfa-pineni, ambayo ni sumu kwa wadudu wengi. Mbawakawa anapotafuna gome huipokea kemikali hiyo mwilini, na katika kuipunguza makali huibadilisha ikawa alkoholi iitwayo sis-verbenoli. Alkoholi hiyo hutoka pamoja na kinyesi na unga wa mbao, na ni sehemu ya mwito wa Ips typographus. Kikulacho ki nguoni mwako: mti unautoa mwenyewe udongo wa kufinyangia wito wa maadui zake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mwito wote hutoka mtini. Kiambajengo cha pili, methilibutenoli, hutengenezwa na mdudu mwenyewe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa pia kwamba ipsenoli na ipsdienoli, ambazo ni feromoni za jamaa zake wengi, hutokana na kemikali ya mti. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mbawakawa wa jenasi Ips wanaweza kuzitengeneza wenyewe tangu mwanzo.

4.2 Neno moja halitoshi

Mwaka 1966, Robert Silverstein, J. Otto Rodin na David Wood walichapisha matokeo ya kuuchunguza unga uliotolewa na madume wa mbawakawa wa magome waliokuwa wakichimba msonobari huko California. Mdudu huyo leo anajulikana kama Ips paraconfusus. Walipata alkoholi tatu: ipsenoli, ipsdienoli na sis-verbenoli. Jambo la kuvutia ni kwamba kila moja ikiwa peke yake haikuwa na nguvu ya maana. Zilipochanganywa, mbawakawa walikuja.

Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa sana. Kiambishi kikiwa peke yake hakielezi tendo. Kikiungana na mzizi na viambishi vingine, kauli hukamilika. Kwa Ips typographus, methilibutenoli na sis-verbenoli zimegawana kazi. Sis-verbenoli, inayotolewa kwa kiasi kidogo, humvuta mdudu kutoka mbali. Methilibutenoli, ambayo katika chambo huhitajika kwa kiwango kilichozidi kile cha sis-verbenoli makumi ya mara, humshawishi aliye karibu atue. Watafiti wa Norway wakiongozwa na Alf Bakke waliibainisha nafasi ya methilibutenoli mwaka 1977, na ugunduzi huo ndio uliowezesha chambo cha kutegemewa kutengenezwa.

4.3 Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na lahaja

Molekuli nyingi za feromoni huwa na sura mbili zinazolingana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Viungo ni vilevile na mpangilio ni uleule, lakini moja ni taswira ya nyingine katika kioo, na haziwezi kulaliana zikatoshana. Kwa pua ya binadamu huenda tofauti hiyo isihisike. Kwa kipapasio cha mbawakawa, ni tofauti ya maana.

Mfano ulio wazi ni wa Ips pini wa Amerika ya Kaskazini, anayetumia ipsdienoli. Wale wa California hutoa sura moja karibu peke yake, ile ya mkono mmoja. Wale wa New York hutoa mchanganyiko wa sura zote mbili, ile nyingine ikiwa nyingi zaidi. Kila kundi huitikia vyema zaidi mchanganyiko wa kwao. Kwa mbawakawa wa California, sura ile ya pili haikosi mvuto tu, bali huwazuia kuja. Hizi ni lahaja za harufu. Chambo kilichotengenezwa kwa lahaja ya mashariki kikitundikwa magharibi huweza kurudi mikono mitupu, na mtegaji asiyejua siri hii atadhani kwamba wadudu hawapo.

Lahaja hizi zina faida katika maumbile. Katika msonobari mmoja wa California huweza kuwapo Ips pini na Ips paraconfusus, na wa pili hutumia sura ya ipsdienoli iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Mwito wa mmoja humfukuza mwingine, na kwa njia hiyo spishi mbili hugawana mti bila kugongana.

4.4 "Inatosha"

Mti unapojaa, mchanganyiko wa harufu hubadilika. Kemikali zinazoita hupungua, na verbenoni huongezeka. Verbenoni hutokana na mbawakawa wenyewe, na pia na vijidudu wanaoishi nao vijiani wakizidi kuibadilisha verbenoli. Kwa mbawakawa anayekaribia, ni tangazo kwamba nafasi zimekwisha. Tutauita mwito wa kuzuia.

Mwito huu umetumiwa kulinda miti. Katika mlipuko wa mbawakawa wa misonobari ya milimani, Dendroctonus ponderosae, ulioanza miaka ya 1990 katika jimbo la British Columbia nchini Kanada na kuathiri zaidi ya hekta milioni 18, vifuko vya verbenoni vilitundikwa kwenye miti iliyothaminiwa ili ionekane kwamba imekwisha kushikwa. Kinga hiyo husaidia wadudu wanapokuwa wachache; wanapofurika, hupuuzwa. Wakulima wa Kenya wanaifahamu fikra iliyo karibu na hiyo katika kilimo cha mahindi: mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa tangu miaka ya 1990 na ICIPE pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, ambapo desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi vinavyotoboa mabua na nyasi za pembezoni huwavuta.

5.0 Mtego na masharti yake

Mtego wa feromoni una sehemu tatu: chambo, umbo na chombo cha kupokelea wadudu. Mnamo 1983 Staffan Lindgren alichapisha muundo wa mtego wa faneli nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na chini yake kikombe. Ukitazamwa kwa mbali, unafanana na kivuli cha shina la mti. Mbawakawa huvutwa na harufu, huona mstari mweusi uliosimama, hujaribu kutua, huteleza, na huanguka kikombeni. Harufu pekee humleta. Umbo humkamilishia imani. Mtego mweupe wenye chambo kilekile hunasa wachache zaidi.

Sharti la kwanza ni kiwango. Chambo hakina budi kuvukiza kwa kasi inayofaa kwa wiki kadhaa. Joto likizidi, huisha mapema. Baridi ikizidi, mwito hufifia. Kuzidisha kemikali si lazima kuzidishe mavuno. Harufu kali mno katika maumbile hudokeza mti uliokwisha kujaa, na huenda mdudu akakaribia bila kutua.

Sharti la pili ni wakati, pamoja na hali ya mpokeaji. Si kila mbawakawa yuko tayari kusikiliza. Uchunguzi wa mbawakawa wa magogo, Trypodendron lineatum, ulionyesha kwamba anapotoka tu mafichoni huvutwa kwanza na mwanga. Baada ya kuruka kwa muda ndipo huanza kuijali harufu ya mti na ya wenzake. Hili lina maana kubwa: mtego uliowekwa hatua chache kutoka anakozaliwa mdudu unaweza kumkosa kabisa, kwa sababu ujumbe umemfikia kabla hajawa na haja nao.

Sharti la tatu ni mahali. Mbawakawa aliyevutwa hafiki kikombeni kila mara. Wengine hutua jirani, wakikuta msprusi ulio hai huanza kuutoboa, na dume wa kwanza akianza kuita, mtego umekwisha kupata mshindani wa kweli. Kwa sababu hiyo mitego huwekwa mahali palipo wazi, mita 10 au zaidi kutoka kwa mti ulio hai wa spishi inayoshambuliwa. Anayeutundika mtego kwenye tawi la mti anaotaka kuulinda ameutangazia adui anwani yake.

Sharti la nne ni kuwajali wasikilizaji wasioalikwa. Mbawakawa mwekundu na mweusi aitwaye Thanasimus formicarius huwala mbawakawa wa magome, na amejifunza kwa vizazi vingi kuutambua mwito wao ili kujua mlo ulipo. Naye huja mtegoni. Mtego wa panya, wasemavyo, huingia waliomo na wasiokuwemo. Mtegaji asiyetazama kikombeni kwa makini anaweza kuwaua maadui wa adui yake na kujipongeza. Ndiyo maana baadhi ya mitego imeundwa ili mdudu mkubwa kama huyu asiweze kuingia au aweze kutoka.

6.0 Funzo la Norway

Katika miaka ya 1970, dhoruba zilizoangusha miti pamoja na ukame ziliwapa Ips typographus wa Norway na Sweden malisho tele. Walipokwisha kuzaana katika miti dhaifu, waliigeukia miti yenye afya. Ugunduzi wa mwaka 1977 ulikuwa umefika kwa wakati. Mnamo 1979 nchini Norway ilitegwa mitego takriban 600,000, mingi ikiwa mabomba meusi ya plastiki yenye matundu. Mwaka huo walinaswa mbawakawa wapatao bilioni 2.9, na mwaka 1980 wakanaswa wapatao bilioni 4.5.

Tujaribu kuipa tarakimu hii sura. Tukikadiria kwamba kila mdudu ana urefu wa milimita 5, mbawakawa wa mwaka 1980 pekee wakipangwa kichwa kwa mkia wangefanya mstari wa kilomita 22,500, yaani zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia. Nani angeutazama mstari huo asiseme kwamba vita vimeshindwa?

Mlipuko ulipungua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini je, ulipunguzwa na mitego? Hapa ndipo elimu inapodai subira. Katika kipindi hichohicho miti dhaifu ilikuwa ikiondolewa, hali ya hewa ikabadilika, na miti iliyobaki ikapata nafuu. Mitego ilikuwa imetapakaa eneo kubwa kiasi kwamba ilikuwa vigumu kupata msitu uliofanana na mingine lakini usiotegwa, wa kulinganisha nao. Mitego huenda ilisaidia. Kiasi cha msaada huo hakingeweza kupimwa kwa kuhesabu vikombe.

Sababu yake ni hii. Idadi iliyomo mtegoni inaeleza walionaswa. Haielezi waliobaki, na waliobaki ndio wanaoua miti. Idadi kubwa huweza kumaanisha kwamba mtego ni mzuri, au kwamba wadudu ni wengi kupita kiasi, au yote mawili. Idadi ndogo nayo huweza kumaanisha kwamba wadudu wamepungua, au kwamba wameitwa na maelfu ya madume halisi walio mitini, ambao chambo kimoja hakiwezi kushindana nao. Kiashiria ni kimoja, viashiriwa ni vingi, na muktadha ndio unaoamua.

Kutokana na uzoefu wa namna hii, mitego ya feromoni leo hutumiwa sana kama chombo cha kupeleleza: kujua mbawakawa wameanza kuruka lini, wako wapi, na kama wanaongezeka mwaka hadi mwaka. Katika kupambana nao, kazi kubwa imebaki kuwa ile ya kuitambua miti iliyoshambuliwa na kuiondoa au kuimenya magome kabla kizazi kipya hakijatoka. Ukame ulioikumba Ulaya ya Kati mwaka 2018 na mlipuko mkubwa uliofuata, hasa katika Jamhuri ya Ucheki, umelithibitisha jambo hilo kwa uchungu. Pale miti ilipokuwa na kiu ya kiasi kile, haikuwa na utomvu wa kujitetea, na chambo hakingeweza kuwa badala ya mvua.

7.0 Je, mwito wa feromoni ni lugha?

Katika makala haya tumetumia maneno kama ujumbe, kauli na lahaja. Ni vyema tuulize kama tumeyatumia kwa haki. Charles Hockett alipoorodhesha mwaka 1960 sifa 13 za lugha ya binadamu, alitupa kipimo kinachofaa. Mwito wa mbawakawa una maana, kwani harufu fulani huambatana na hali fulani. Husambaa pande zote, na mpokeaji anaweza kutambua unakotoka. Lakini haupiti katika sauti na masikio. Haufifii papo hapo kama neno lililotamkwa. Wahusika hawawezi kubadilishana nafasi kikamilifu, kwa kuwa kwa Ips typographus dume ndiye mwanzilishi wa mwito. Zaidi ya hayo, mbawakawa hawezi kuuzungumzia mti wa jana wala wa kesho. Anautangaza huu alio ndani yake sasa hivi. Kwa hivyo ni mfumo wa ishara, wala si lugha kwa maana kamili. "Lahaja" katika sehemu ya 4.3 ni sitiari, na isomwe hivyo.

Hata hivyo, mtego unatufunza jambo kuhusu ishara zote. Mbawakawa hana njia ya kuhoji. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba wametambua katika vipapasio vya Ips typographus vipokezi viwili, kimoja cha ipsenoli na kingine cha ipsdienoli, kila kimoja kikiitikia vyema kemikali yake. Ufunguo ukiingia, mlango hufunguka, awe aliyeushika ni mwenye nyumba au mwizi. Usahihi uleule unaowawezesha mbawakawa kuelewana ndio unaomwezesha binadamu kuwadanganya.

Kuhusu istilahi, tunapendekeza zifuatazo. "Feromoni" ibaki ilivyo, kwa kuwa imekwisha kutoholewa kwa kufuata sauti za Kiswahili na inafanana na "homoni", neno ambalo wasomaji wamelizoea. "Mwito wa mkusanyiko" na "mwito wa kuzuia" zitumike kwa feromoni zinazokusanya na zinazofukuza, kwani kila mojawapo inajieleza. "Chambo cha harufu" kitofautishwe na "chambo cha chakula". Sura mbili za molekuli ziitwe "pacha wa kioo". Majina ya kemikali zenyewe yatoholewe tu. Hakuna faida ya kumsumbua mwanafunzi kwa jina jipya la kitu ambacho atakikuta maabarani kwa jina linalojulikana kote duniani.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mbawakawa wa magome huitana kwa sababu mti hauwezi kushindwa na mmoja. Kwamba mwito wao huundwa kwa viambajengo visivyofanya kazi kimojakimoja. Kwamba sura ya molekuli huweza kugeuza mwaliko ukawa katazo. Na kwamba mwito huo una mwisho wake, unaosema inatosha. Mtego hufaulu kadiri unavyoyaheshimu haya yote. Ukikosea kiwango, mahali au wakati, huwa kimya, au, vibaya zaidi, huwaita maadui nyumbani.

Tumeona pia kwamba kunasa si sawa na kuokoa. Funzo hili halihusu misprusi ya Norway peke yake. Mkulima wa kahawa anayetundika mtego shambani, afisa wa misitu anayejaza fomu za mwisho wa mwezi, na mtafiti anayeandika ripoti wote wanakabiliwa na kishawishi kilekile cha kuhesabu kilicho rahisi kuhesabika. Swali la kuuliza mbele ya kikombe kilichojaa si "tumenasa wangapi?" bali "ni miti mingapi ingali hai, na ingekuwa mingapi kama tusingetega?" Swali hilo ni gumu zaidi, lakini ndilo linaloujali msitu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, makala haya yanaacha mwaliko. Yapo mambo mengi ya maabara, ya shamba na ya msitu yanayongoja kuandikwa kwa lugha hii, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa kamati za istilahi pekee. Istilahi hukomaa zinapotumika katika sentensi, na sentensi hukomaa zinaposomwa, zikapingwa na kusahihishwa. Anayeona kwamba "pacha wa kioo" halifai, na alete lifaalo.